Chicago mwishoni mwa Mei: panga siku zako kwa kulifuata ziwa

Ndugu wanachama, salaam.

Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia kando ya Ziwa Victoria. Nilipokwenda Chicago mara ya kwanza kumtembelea dada yangu nilidhani ziwa nalijua. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei, asubuhi jua linawaka, watu wamevaa fulana, nami nikatoka na gauni jepesi na kanga begani. Tulipofika ufukweni upepo ukaanza kuvuma kutoka majini, na nusu saa haikupita nikawa natetemeka mpaka meno yanagongana. Nimerudi mara mbili tangu hapo, msimu uleule, na sasa naweza kusema: mgeni akilielewa ziwa la Chicago, yaani Ziwa Michigan, mengine yanakuwa mepesi. Somo hili ni la yule ambaye viza anayo tayari.

Hatua ya 1: Chagua siku

Jumatatu ya mwisho ya Mei ni Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliofia vitani. Ijumaa inayoitangulia ndipo fukwe za jiji hufunguliwa kwa msimu. Siku hizo nne jiji linafurika na vyumba vya hoteli vinapanda bei. Fika Jumanne inayofuata. Hewa ni ileile, miti imejaa majani mapya, na foleni zimepungua.

Hatua ya 2: Fungasha nguo za misimu miwili

Ziwa Michigan lina ukubwa wa kilomita za mraba 58,000 hivi, dogo kidogo kuliko Victoria letu. Tofauti ni kwamba letu limelala kwenye ikweta, lao hushika barafu kingoni wakati wa baridi. Mwezi Mei nchi kavu inapata joto haraka, nyuzi 22 au 23 mchana, lakini maji bado yako kwenye nyuzi 10 hadi 13. Hewa ya moto ya mjini ikipanda juu, hewa baridi ya ziwani inaingia kushika nafasi yake. Ndiyo maana unaweza kuona joto likishuka nyuzi 8 au zaidi kwa muda mfupi, tena kwa mitaa ya karibu na maji tu. Watabiri wa hewa wa huko hulisema karibu kila siku: kutakuwa na baridi zaidi kandokando ya ziwa.

Kwa hiyo beba jaketi lisilopitisha upepo, sweta moja, viatu vya kutembelea ambavyo umeshavizoea, na koti la mvua, maana radi za msimu huo hazipigi hodi. Kanga au mtandio hautakuangusha.

Hatua ya 3: Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini

Ndege nyingi za kimataifa hutua O'Hare, jengo namba 5. Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa sababu kituo cha treni ya mjini hakipo jengo hilo. Ukimaliza uhamiaji na forodha, panda kwanza treni ndogo ya bure inayozunguka ndani ya uwanja, ushuke kwenye majengo ya 1 hadi 3, kisha fuata alama za Blue Line. Ni treni ya usiku na mchana, na hadi katikati ya jiji, sehemu wanayoiita Loop, ni kama dakika 45. Unaweza kugusisha kadi ya benki langoni au kununua kadi ya nauli iitwayo Ventra kwenye mashine. Wenyeji huziita treni hizi "L", kifupi cha neno la Kiingereza "elevated" (iliyoinuliwa), kwa kuwa sehemu kubwa ya njia zake imejengwa juu ya nguzo, barabara zikipita chini.

Tunza nguvu. Wakati huo wa mwaka Chicago iko nyuma yetu kwa saa 8; mwili wako utataka kulala jioni na kuamka usiku wa manane.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza ni ya mto

Uchovu wa safari hautaki makumbusho. Panda boti ya kuangalia majengo kwenye mto Chicago. Ziara nyingi huchukua dakika 90, umekaa, na mtu anakusimulia. Moto wa mwaka 1871 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na wahandisi waliokuja kuujenga upya ndio waliozaa yale maghorofa. Kwa upande wangu kilichonigusa zaidi ni mto wenyewe. Zamani ulimwaga uchafu wa mji ziwani, na ziwa hilohilo ndilo lililokuwa likinywewa. Mwaka 1900 wakamaliza mfereji ulioubadilisha mto mwelekeo, ukawa unatoka ziwani badala ya kuingia. Mpaka leo maji ya bomba ya Chicago ni ya ziwa, na unakunywa bila kuchemsha.

Ukishuka, simama kwenye daraja la DuSable. Limepewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyekuwa na shamba na biashara mdomoni mwa mto huo miaka ya 1780 na 1790, anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa Chicago.

Hatua ya 5: Ziwani, kwa kuangalia upepo

Kila asubuhi tazama upepo unatoka wapi. Ukitoka magharibi au kusini-magharibi, joto linafika hadi majini: hiyo ndiyo siku ya kutembea kwenye njia ya ufukweni, yenye urefu wa kilomita 29. Ukitoka mashariki, ingia ndani ya majengo. Chicago Cultural Center, lililofunguliwa mwaka 1897 kama maktaba, halina kiingilio, na kuba lake la vioo vya rangi litakusimamisha. Ng'ambo ya barabara kuna Millennium Park, na ukivuka kusini unaingia Grant Park, inapoanzia na kuishia mbio ya marathoni ya Chicago. Hapo ndipo Kelvin Kiptum wa Kenya alipomaliza tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, akivunja rekodi ya dunia, miezi minne tu kabla ya kufariki. Nilisimama pale kimya kwa muda mrefu.

Hatua ya 6: Simba wa Tsavo

Mtu wa Afrika Mashariki asiondoke Chicago bila kuingia makumbusho ya Field Museum. Ndani ya kabati la kioo wamo wale simba wawili waliowala wajenzi wa reli ya Mombasa mwaka 1898, pale walipokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo. Wote ni madume, wala hawana manyoya ya shingo. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua Desemba ya mwaka huo, akakaa na ngozi zao kama mazulia, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Ndiyo sababu wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa: ngozi zilikuwa zimechakaa na kukatwa.

Patterson alidai waliliwa watu 135. Watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria, mwaka 2009, kama watu 35. Waliokufa walikuwa vibarua kutoka Uhindi na Waafrika wenzetu. Jina la mwindaji linajulikana dunia nzima, yao hayajulikani. Nilipofika mbele ya kioo niliwasomea dua.

Hatua ya 7: Chakula

Pizza nene ya huko huchukua hata dakika 45 kuiva na kipande kimoja kinatosha. Ukichoka na vyakula vya kigeni, panda Red Line hadi Loyola, kisha basi namba 155 hadi mtaa wa Devon: biriani, sambusa, chai ya maziwa, na maduka mengi ya nyama halali. Kumbuka kwamba kodi ya mauzo ni zaidi ya asilimia 10 juu ya bei unayoiona, na mhudumu wa mgahawa anategemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Dada, watoto wanataka kuogelea. Inawezekana?

Ruhusa ipo kuanzia Ijumaa ile ya sikukuu, wapo na waokoaji. Ila maji ya nyuzi 12 yanakata pumzi. Waache wachezee mchanga na kulowesha miguu.

*Mwanachama, Mombasa:* Asalaam aleikum. Magharibi ni saa ngapi huko?

Waaleikum salaam. Jua linachomoza kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na linazama kama saa mbili na robo usiku. Isha inachelewa sana. Tumia ratiba ya msikiti wa huko, usikadirie kwa macho.

*Mwanachama, Kigoma:* Naweza kumpelekea shemeji dagaa na maembe?

Maembe acha, na nyama pia. Dagaa waliokauka vizuri kwa kawaida wanapita, lakini waandike kwenye tamko la forodha. Anayeadhibiwa ni yule anayeficha.

*Mwanachama, Nairobi:* Usalama je? Na nimesikia kuna ving'ora.

Usiku sana kaa behewa lenye watu, simu ikiwa mfukoni. Ving'ora ni vya kuonya hatari kama kimbunga, na hujaribiwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi saa nne asubuhi, usishtuke. Vikilia wakati mwingine wowote, ingia ndani, shuka chini kabisa, kaa mbali na madirisha.

*Mwanachama, Voi:* Shikamoo mama. Marehemu babu alikuwa akitusimulia habari za simba hao. Nitawapataje, na siku za bure zipo?

Marahaba mwanangu. Siku za bure ni za wakazi wa jimbo la Illinois, wewe utalipa. Nunua tiketi mtandaoni. Fika saa tatu asubuhi milango inapofunguliwa, kabla ya mabasi ya shule. Mwambie mhudumu yeyote neno "Tsavo" naye atakuonyesha njia.