Kufunga na kulinda mtandao wa ofisi ndogo au nyumbani: kwanza jua nani anagawa anwani

Watu wengi wanaoniita kuwaangalizia mtandao mdogo hawajadukuliwa. Printa "imepotea", kompyuta moja haina intaneti wakati ya meza ya pili inayo, au kamera inaonekana leo, kesho haionekani. Majuzi nimetoka kusaidia ofisi ya uhasibu yenye shida hiyohiyo, na chanzo ni kile ninachokikuta mara nyingi: ruta mbili ndani ya mtandao mmoja, zote zinagawa anwani, na hakuna mtu ofisini anayelijua hilo. Ndiyo maana hapa chini Hatua ya 3 ni ndefu kuliko nyingine zote. Mtandao usiojua nani anaugawia anwani huwezi kuulinda, hata ukiuwekea nywila ndefu kiasi gani.

Hatua ya 1: Chora

Chukua karatasi. Onyesha intaneti inaingilia wapi, ruta iko wapi, kila waya unatoka wapi na kuishia wapi. Ukikuta waya usioujua mwisho wake, ufuate kwa mkono mpaka uujue. Usiendelee kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Ingia kwenye ruta kuu

Tumia waya, siyo Wi-Fi. Badilisha nywila ya msimamizi, pakua sasisho la programu ya ruta, kisha zima uwezo wa kuisimamia kutoka nje kupitia intaneti. Nywila ya msimamizi isifanane na ya Wi-Fi. Ya Wi-Fi utawapa watu, ya msimamizi humpi mtu. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi sana, na njia yake kuu ilikuwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani.

Hatua ya 3: Mgawa anwani awe mmoja tu

Kila kifaa kinapojiunga na mtandao huuliza kwa sauti, "Nani anipe anwani?" Anayejibu ni seva ya DHCP, ambayo kwa kawaida iko ndani ya ruta. Humpa mwulizaji anwani kama 192.168.1.105, humwambia mlango wa kutokea kwenda intaneti ni upi, na humwekea muda wa kukaa na anwani hiyo.

Sasa ofisi imepanuka, chumba cha nyuma Wi-Fi haifiki, mtu anakwenda kuchukua ruta ya zamani na kuichomeka huko ili isambaze mawimbi. Nayo ina DHCP yake, iko wazi tangu kiwandani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kifaa kikiuliza, ruta zote mbili hujibu, na kwa kawaida kifaa hukubali jibu lililotangulia kufika. Aliyejibiwa na ruta kuu anapata 192.168.1.105 na kila kitu kinakwenda. Aliyejibiwa na ya nyuma anapata 192.168.0.12, anaambiwa atokee kupitia 192.168.0.1, na huko hakuna intaneti. Printa nayo iko upande wa 192.168.1, kwa hiyo haioni.

Kinachopoteza watu saa nyingi ni kwamba shida haijitokezi siku ileile. Muda wa anwani ukifika nusu, kompyuta huenda kuomba kuongezewa kwa seva ileile iliyoipa mwanzo. Kwa hiyo iliyopata anwani sahihi inaweza kuendelea vizuri muda mrefu, hadi siku itakapozimwa au kubebwa nyumbani na kurudi. Ndipo utasikia, "Jana ilikuwa inafanya kazi!" Na kweli ilikuwa. Watu huanza kubadilisha waya, kusakinisha upya printa, kumlaumu mtoa huduma ya intaneti, wote wako mbali na tatizo.

Angalia hivi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig /all`. Soma vitu vitatu: anwani ya kompyuta, anwani ya mlango wa kutokea (Default Gateway), na anwani ya seva ya DHCP. Fanya hivyo kwenye kompyuta inayofanya kazi na kwenye isiyofanya. Seva za DHCP zikitofautiana, umeshampata mhalifu. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni habari nyingine: kifaa kimeuliza, hakuna aliyejibu, kikajipa anwani chenyewe. Hapo tafuta waya uliokatika au DHCP iliyozimwa.

Mwenye Linux au mwenye nmap, programu ya kuchunguza mtandao, ana njia ninayoipenda zaidi, kwa sababu inauliza mtandao mzima na kukuonyesha wanaojibu:

`sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover`

Irudie mara kadhaa. Jibu lazima litoke anwani ileile kila mara.

Kurekebisha ni rahisi ukifuata mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio wenye mitego. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia 100 hadi 199.

Kwanza ichomoe ruta ya pili kabisa kwenye mtandao. Iunganishe na laptopu yako kwa waya, peke yao wawili, na Wi-Fi ya laptopu ukiwa umeizima. Ukiacha Wi-Fi wazi, na ruta zote mbili zina anwani ileile ya kiwandani, utabadilisha mipangilio ya ruta kuu ukidhani uko kwenye ya pili.

Tengeneza jina na nywila ya Wi-Fi kwanza. Kisha badilisha anwani ya ruta yenyewe iwe 192.168.1.2, yaani familia moja na ruta kuu lakini nje ya zile zinazogawiwa. Ukihifadhi, ukurasa utaganda. Haujaharibika, ruta imehamia anwani mpya na kivinjari bado kinaigonga ile ya zamani. Chomoa waya, uchomeke tena, andika 192.168.1.2, ingia upya.

Mwisho kabisa zima DHCP. Ukiizima mapema, laptopu yako ikiomba anwani haitajibiwa, nawe hutaweza kurudi kwenye ukurasa kumalizia yaliyobaki. Ikishatokea, usikimbilie kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Ipe laptopu anwani kwa mkono, 192.168.1.50 na barakoa (subnet mask) 255.255.255.0, utaingia. Ukimaliza, irudishe laptopu kwenye kupokea anwani yenyewe, maana ukisahau utazua fumbo jipya siku utakapoibeba kwenda mtandao mwingine.

Sasa unganisha. Waya utoke tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kuu uingie tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, liache tupu. Mimi hulibandika utepe, kwa sababu atakayekuja kufanya usafi akauchomoa waya, ataurudisha kwenye tundu lolote analoliona. Ukichomeka WAN, ruta ya pili inajitenga na kuwa mtandao ndani ya mtandao: walio nyuma yake hawatapata anwani, kwa kuwa DHCP yake umeizima, na walio mbele hawatawaona wao wala printa yao.

Usiunganishe ruta hizo kwa waya mbili ukidhani utaongeza kasi. Ujumbe utazunguka bila kikomo, taa zote zitawaka na kuzima kwa fujo, na mtandao wote utasimama. Waya mmoja tu uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile ya kawaida ya mtandao (kisanduku cha kugawa waya) unatosha kuleta balaa hilo.

Kama ruta ya pili ina chaguo la kuwa kituo cha Wi-Fi tu (Access Point), litumie. Litazima DHCP lenyewe, na ruta nyingi zikiwa katika hali hiyo hukubali waya kwenye tundu lolote. Jua tu kwamba anwani yake inaweza kubadilika, kwa kuwa sasa yenyewe inaomba kwa ruta kuu. Itafute kwenye orodha ya vifaa ya ruta kuu.

Zipe ruta zote mbili jina moja la Wi-Fi na nywila moja, lakini njia tofauti za mawimbi (channel). Kwenye 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11 tu, nyingine zinapandana. Na mtu akibonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, DHCP inafufuka na nywila ya kiwandani inarudi pamoja nayo. Waambie wote ofisini wasikiguse.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii. Kifaa cha mtoa huduma ya intaneti mara nyingi nacho ni ruta kamili. Ukiweka ruta yako mbele yake una chaguo mbili: kigeuzwe kiwe modemu tupu, ruta yako ifanye kazi yote, au kibaki kuwa bwana na ya kwako iwe kituo cha Wi-Fi kama nilivyoeleza. Mimi huchagua la kwanza kila inapowezekana, kwa sababu napenda masasisho na nywila viwe mikononi mwa mwenye mtandao.

Hatua ya 4: Waya

Kisichotembea kipewe waya: kompyuta za mezani na printa. Wi-Fi ibaki ya simu, laptopu na vifaa vya Hatua ya 6. Vile viboreshaji vya Wi-Fi vya kuchomeka ukutani sivipendekezi. Vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile moja, na kasi hushuka takriban nusu. Waya mmoja hadi ruta ya pili unavishinda.

Nunua Cat 5e ya shaba halisi. Inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, inatosha. Cat 6 nzuri ni bora, ila Cat 6 ya alumini iliyopakwa shaba ni ya kukwepa: inakatika ikikunjwakunjwa. Ukifunga plagi mwenyewe, mpangilio wa rangi ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, ncha zote mbili vilevile. Kompyuta ikionyesha kasi ya megabiti 100 badala ya 1000, shuku kwanza jozi ya buluu au ya kahawia haijashika, kwa sababu kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu na ya 1000 hutaka zote nne.

Hatua ya 5: Wi-Fi

Kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 na WPA3 pamoja kama una printa ya zamani isiyokubali WPA3. Aina nyingine zote zilizotangulia WPA2 usiziguse.

Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba yake ya siri ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Mshambuliaji habaki na mamilioni ya kujaribu, anabaki na 11,000.

Nywila iwe ndefu. Kwenye WPA2 mtu aliye nje anaweza kunasa salamu za simu yako na ruta, akaenda nazo na kubahatisha nywila kwenye kompyuta yake bila wewe kujua. Herufi 8 ni kiwango cha chini kinachokubaliwa, siyo kiwango cha usalama. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanakumbukika na yanamchosha mwizi. Namba ya simu ya ofisi iliyoandikwa kwenye bango la mlangoni, hapana.

Kuficha jina la Wi-Fi na kuruhusu vifaa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) havizuii mtu anayejua kazi, na vinakusumbua wewe. Achana navyo.

Hatua ya 6: Tenga wageni na vifaa usivyoviamini

Washa mtandao wa wageni. Weka humo simu za wageni, kamera, televisheni na taa zinazoongozwa kwa simu. Hakikisha chaguo la kuwazuia wasione mtandao wa ndani limewashwa. Programu hasidi ya WannaCry ya Mei 2017 ilijisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia udhaifu wa SMB toleo la 1, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili, kwa hiyo ni muhimu kifaa kimoja kikiambukizwa kisione vyote.

Zingatia hili: ukiisha kuifanya ruta ya pili kuwa kituo cha Wi-Fi, mtandao wake wa wageni kwenye ruta nyingi za nyumbani hautengi tena. Mgeni anaingia moja kwa moja kwa wenyeji. Urushe mtandao wa wageni kutoka ruta kuu peke yake, mpaka utakaponunua vifaa vyenye VLAN, uwezo wa kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana.

Hatua ya 7: Funga milango ya nje

Zima UPnP, ambayo huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia njia ya kuingilia kutoka intaneti bila kukuuliza. Futa njia zozote zilizofunguliwa kwa mkono ambazo huna sababu nazo. Bandari (port) 3389, ya kuendesha kompyuta ya Windows kwa mbali, isifunguliwe kwa intaneti kamwe. Anayetaka kufanya kazi akiwa nje apitie VPN, njia ya siri iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ndani. Mimi natumia WireGuard kwa kuwa mipangilio yake ni mistari michache na haimjibu asiye na ufunguo.

Hatua ya 8: Jaribu

Mpe printa anwani ya kudumu kwenye ruta kuu, nje ya zile zinazogawiwa kama ruta inaruhusu. Kisha zima kila kitu. Washa ruta kuu, subiri, washa ya pili, halafu kompyuta zote. Zunguka na `ipconfig /all` meza kwa meza: seva ya DHCP ni 192.168.1.1 kila mahali? Chapisha ukurasa mmoja kutoka kila kompyuta. Jiunge na mtandao wa wageni kwa simu, ukiwa chumba cha mbele na ukiwa cha nyuma kama unafika huko, ujaribu kufungua 192.168.1.1 na anwani ya printa. Zikifunguka, rudi Hatua ya 6.