SOMO: Kontrola inasema tapu 5, saa ya rejuleta inasema 8. Nani mwongo?

Waungwana, swali hili limenichosha, sasa linanifuata hadi kwenye simu usiku. Naandika mara moja, mkiulizwa mwelekezane hapa. Nazungumzia rejuleta za laini, yaani mashine zinazopandisha au kushusha volti za laini ya umeme, zile za fezi moja zenye hatua (tapu) 32: 16 kupandisha, 16 kushusha, kila hatua asilimia 0.625. Mwenye stebilaiza ya friji, somo lako si hili.

Saa ni ile piga yenye mshale kwenye rejuleta, inayoonyesha iko tapu gani. Kontrola, kisanduku cha kielektroniki kinachoiamuru rejuleta, haioni tapu, inahesabu tu. Mota ikimaliza hatua, swichi iliyo ndani ya tenki inatoa ishara, nayo kontrola inajumlisha moja au inatoa moja. Tapu ikifika sifuri (ndiyo nyutro, haipandishi wala haishushi volti), swichi ya nyutro inafunga na hesabu inaanza upya. Basi mtu akiendesha mota kwa umeme wa nje, akihamishia kontrola ya rejuleta nyingine, au waya wa ishara ukilegea, hesabu inapotea kimyakimya.

1. Toa otomatiki, weka kwa mkono.

2. Andika namba ya kioo (skrini ya kontrola), ya saa na ya kaunta inayohesabu mara ambazo rejuleta imebadilisha tapu.

3. Tafuta shahidi wa tatu. Pima volti upande wa chanzo na upande wa mzigo kwa wakati mmoja. Tapu 8 ya kupandisha ni tofauti ya karibu asilimia 5. Tapu 5 ni karibu asilimia 3. Vipimo vikikubaliana na saa, kontrola imepotea. Vikikubaliana na kontrola, ujue waya unaozungusha mshale wa saa umeteleza. Kwa tofauti ya tapu moja usitegemee njia hii, makosa ya vipimo yenyewe yanaimeza.

4. Pandisha hatua moja, kisha shusha moja. Kaunta, kioo na saa visogee pamoja. Mota ikiunguruma bila kumaliza, anza na kapasita.

5. Peleka nyutro. Chagua saa ambayo mzigo ni mdogo, maana wateja wa mwisho wa laini watapungukiwa volti. Taa ya nyutro iwake mshale ukiwa sifuri, na kioo kijirekebishe chenyewe. Taa isipowaka, tatizo ni swichi ya nyutro, waya wake au taa yenyewe. Ukiandika namba kwa mkono hapo umefunika ugonjwa, na ukisharudi Tanga mjini utapigiwa simu.

ONYO: kioo kusema 0 si ruhusa ya kufunga baipasi, swichi inayopitisha umeme kando ya rejuleta. Ukiifunga rejuleta ikiwa nje ya nyutro unashoti sehemu ya koili, na mkondo unaopita hapo unaweza kuua rejuleta na aliyeshika fimbo ya kufungia swichi. Thibitisha kwa njia mbili au zaidi: taa, mshale, na volti za pande mbili kuwa sawa. Halafu KATA umeme wa mota, utoe na fyuzi yake, isije ikaruka hatua wakati mkono wako uko juu.

6. Rudisha otomatiki, itazame ikifanya kazi kabla hujaondoka.

MASWALI

— Mkuu, si niandike tu 8 kwenye kontrola niondoke?
Hatua ya 3 mpaka ya 5. Zisome.

— Nimesoma, ila sisi huwa tunafunga baipasi kwa kuangalia kioo na haijawahi kutokea shida.
Sina la kuongeza. Onyo liko juu kwa herufi kubwa.

— Shikamoo mwalimu. Niko Bagamoyo. Yetu inakataa kupandisha na volti ziko chini, lakini saa inaonyesha 11 tu. Fyuzi nzima.
Marahaba dada, umeeleza vizuri. Tazama kioo: huenda kinaamini kiko 16, yaani mwisho, kwa hiyo kontrola haitoi amri. Kama kioo nacho kinasema 11, angalia vizuio vilivyo kwenye saa, pengine kuna mtu aliviweka vizuie hapo. Tuletee majibu.

— Kama volti za wateja ziko sawa, hesabu ikikosea inadhuru nini?
Swali zuri. Kurekebisha volti kwa kawaida hakutegemei hesabu, kontrola inasoma volti za mzigo moja kwa moja; isipokuwa ikiamini imefika mwisho, kama nilivyomwambia dada wa Bagamoyo. Lakini pale pasipo na kipimo upande wa chanzo, volti za chanzo inazikokotoa kutoka kwenye tapu. Tapu ikiwa ya uongo, hizo nazo ni uongo. Umeme ukigeuka na kuja kutoka upande wa pili, itaendesha kwa namba hizo hizo.

— Huku Pangani plagi za kontrola zinaota ukijani.
Chumvi hiyo. Safisha pini kwa dawa ya kontakti, badilisha mpira wa mlango, ziba matundu ya waya. Sisimizi nao wanapitia hapo hapo.

— Ile mishale miwili midogo kwenye saa niirudishe?
Irudishe, ila andika kwanza ilipofika. Inakuonyesha tapu ya juu na ya chini kabisa tangu iliporudishwa mara ya mwisho. Ukikuta wa juu uko 16, rejuleta imewahi kufika mwisho wa kupandisha, na huenda laini hiyo imezidiwa.