Mkuu mpya wa idara chuoni: mabadiliko uyaanzie wapi?

Wapendwa, wengi mmeniuliza juu ya kuongoza mabadiliko chuoni ukiwa mgeni. Nitaeleza nilivyofanya nilipopewa idara katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, nikakuta wanafunzi wanaanza muhula mpya hawajaona matokeo ya muhula uliopita.

Hatua ya 1: Fuata karatasi moja kwa miguu. Waraka usubiri. Nilichukua fomu ya alama za somo moja nikaifuata kutoka kwa mhadhiri hadi kitivoni. Moyoni nilishawahukumu wahadhiri kwa uvivu. Katibu muhtasi akanifungulia kaunta buku lake: kila bahasha, tarehe iliyoingia, saini ya aliyeichukua, na kwa wino mwekundu zile zilizorudishwa kwa sababu namba za usajili hazikulingana. Kumbukumbu za miaka minne, na hakuna aliyewahi kumwomba azioneshe! Usahihishaji ulikuwa ukienda kwa wakati. Orodha za wanafunzi ndizo zilikuwa mbovu. Ningeanza kwa kufoka, nani angenisikiliza tena?

Hatua ya 2: Jua jambo linaamuliwa wapi. Utaratibu wa ndani huishia kikao cha idara. Kanuni za mitihani hupanda bodi ya kitivo hadi Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni. Mtaala huenda mbali zaidi, mpaka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Mgeni aanze na lile la kikao cha idara. Mageuzi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya miaka ya 1990, chini ya Profesa Matthew Luhanga, makamu mkuu wa chuo wa wakati huo, yalichukua miaka, na yeye alikuwa mwenyeji aliyefundisha palepale.

Hatua ya 3: Jaribu muhula mmoja. Tulichukua masomo ya mwaka wa kwanza tu. Orodha zikahakikiwa wiki ya nne, badala ya kungoja mtihani. Mchango wa katibu muhtasi uliandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwa jina lake.

Hatua ya 4: Peleka kitivoni ukiwa na tarehe za kabla na baada. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Profesa aliyenifundisha sasa yuko chini yangu, na anapinga kila ninacholeta kikaoni.*

Marahaba, mdogo wangu. Nenda ofisini kwake siku kadhaa kabla ya kikao, umwamkie, umuulize nini kilijaribiwa zamani na kilikwama wapi. Wangu alinionesha kosa kwenye rasimu yangu ambalo lingeniaibisha mbele ya kitivo. Ukirekebisha kitu kwa ushauri wake, kiseme kikaoni waziwazi.

*Wafanyakazi waendeshaji (wasio wahadhiri) wanahofu mfumo wa kompyuta utawaondoa kazini. Niwaambieje?*

Usiahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Kaa na tawi la chama cha wafanyakazi kabla uvumi haujaenea, na uje na majukumu mapya ya kila mmoja yakiwa yameandikwa. Mafunzo yawe saa za kazi. Kumwambia mama mwenye watoto abaki jioni ni kumfungia mlango.

*Uongozi unataka matokeo ndani ya miezi mitatu. Inawezekana?*

Miezi mitatu unaweza hata usifike mtihani wa mwisho wa muhula. Omba kwa maandishi upewe muhula mzima, na kila mwezi upeleke ukurasa mmoja wa taarifa bila kungoja kuulizwa. Mimi nilikubaliwa nilipoambatanisha nakala ya kurasa mbili za lile kaunta buku.