Namna ya kumpata fundi wa kuseti pikipiki iliyobadilishwa, hapa Tanga

Ukishafunga ekzosi ya wazi na eyaklina (kichujio cha hewa) ya sponji kwenye Boxer au TVS yako, injini inavuta hewa nyingi kuliko ile iliyopimiwa kiwandani, ilhali jeti ya kabureta, kile kitobo kinachopitisha mafuta, ni ileile na mafuta ni yaleyale. Hewa ikizidi, injini inachemka. Yangu ilinipata hivyo: fundi mmoja alizungusha skrubu ya hewa, akasikiliza, pikipiki ikanguruma vizuri ikiwa imesimama, akapokea hela yake. Sijafika Segera, mafuta nimeyafungua yote, mshiko mpaka mwisho, pistoni ikatoboka. Skrubu ile hutawala mwendo wa chini tu. Ukifungua mafuta yote kazi ni ya jeti kubwa, na jeti hakuigusa. Tangu siku ile nilijifunza kuseti mwenyewe, yaani kulinganisha hewa na mafuta, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza wenzangu kumchagua fundi wa kabureta.

Hatua ya 1. Andika kwenye karatasi kila ulichobadilisha: ekzosi, eyaklina, silinda kama imechongwa, namba ya jeti kama unaijua.

Hatua ya 2. Waulize waendeshaji, si wenye gereji. Nenda vijiwe vya bodaboda vya Ngamiani na pale stendi ya Kange. Ukiuliza "fundi gani mzuri?" kila mtu atamtaja ndugu yake. Uliza hivi: "Kaka, nani alikusetia hii, na imemaliza miezi mingapi bila kufunguliwa tena?" Jina likirudi vijiwe viwili au vitatu, mfuate.

Hatua ya 3. Msalimie, mpe karatasi yako, kisha muulize: "Fundi, ukiiseti hapa baharini, nikipanda nayo Lushoto itakuwaje?" Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yatazidi hewa, pikipiki itakosa nguvu mlimani na huenda ikatoa moshi mweusi. Anayeijua kazi atakueleza hayo kwa maneno yake, na pengine atakuuliza kama huenda huko mara kwa mara. Akisema "itapanda tu, usijali", mshukuru uondoke.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Mwambie afunge plagi mpya, kisha mtoke pamoja barabara ya Pongwe, kofia ngumu vichwani. Palipo wazi, fungua mafuta yote kwa kipande kifupi, halafu kamata klachi na uzime swichi kwa pamoja. Simameni pembeni, muiache ipoe kidogo, afungue plagi. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo mnayoitafuta. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi, na hapo ndipo pistoni hutoboka. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Mwangalie na mkono wake: plagi huanza kurudishwa kwa vidole, spana baadaye, kwa sababu hedi (kichwa cha injini) ni ya alumini na nyuzi zinazoshika plagi huliwa upesi.

Plagi ikiwa nyeupe, atapandisha ukubwa wa jeti kwa namba moja au mbili, na safari irudiwe, pengine mara tatu au nne. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, lakini kwa kazi hii mwachie fundi siku mbili. Anayekuahidi nusu saa hana nia ya kuifungua hiyo plagi.

Hatua ya 5. Bei patana kabla ya kazi. Dai jeti iliyotolewa, uandike namba ya iliyofungwa.

Baada ya wiki, fungua plagi mwenyewe asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ikianza kuwa nyeupe, mrudie na umwonyeshe. Akiipokea mkononi, akaigeuza kwenye mwanga na kuanza kukuuliza ulipita wapi na kwa mwendo gani, huyo usimwache.