Ukistaafu, kaa eda

Mume wangu alitangulia mwezi wa pili. Mwezi wa saba nikatimiza miaka 60, umri ambao sisi walimu wa serikali tunastaafu kwa lazima, nikakabidhi chaki hapahapa Muheza baada ya miaka 34 darasani. Sina cheti cha ushauri nasaha. Nasema niliyoyapitia.

Kufiwa kuna utaratibu wake. Unakaa eda miezi 4 na siku 10, majirani wanaleta uji, na hakuna anayekuuliza sasa unafanya nini. Kustaafu hakuna hata matanga. Ijumaa nimeagwa kwa doti mbili za khanga na seti ya sufuria, Jumatatu simu zinalia: bodaboda, kuku, kiwanja. Mafao hayajaingia, tayari yana wenyewe!

Kwa hiyo la kwanza, mwenzangu, kaa eda ya kustaafu. Miezi 4 na siku 10 usifungue duka wala usimkopeshe shemeji. Mkupuo, zile fedha za mara moja, ni sehemu tu ya haki yako. Utakachoishi nacho ni kile cha kila mwezi. Mimi jibu langu lilikuwa moja: "Niko eda." Walicheka, lakini waliondoka. Makaratasi tu ndiyo yasisubiri: cheti cha kifo, mirathi, fomu za pensheni.

Ndani ya siku hizo, itafute saa inayokuuma. Nilichukua daftari la mahudhurio lililobaki kabatini, nikajiita jina kila saa: vema nikiwa mzima, kosa nikilia. Baada ya wiki mbili makosa karibu yote yalikuwa sehemu mbili. Saa 1:30 asubuhi, kengele ya shule inaposikika hadi jikoni kwangu, na saa 11 jioni, baiskeli ya marehemu ilipokuwa ikiingia uani.

Saa hiyo ipe kazi ambayo usipokwenda kitu kinaharibika. Televisheni haifai, haijui kama umekuja. Muheza ni machungwa, basi asubuhi nikaipa miche. Nilisia mbegu za limau kwenye viriba 40, na kengele ikilia niko na kopo la maji. Shina lilipofikia unene wa penseli nikamwita kijana anayebebesha miche, yaani anayepandikiza mti mmoja juu ya mwingine, ambaye zamani nilikuwa namchapa kwa kuchelewa. Akanionyesha: unachana ganda la shina la mlimao kwa umbo la T, unachomeka jicho la mchungwa, pale panapochipukia tawi, unazungushia nailoni, unaliacha wiki tatu. Jicho likibaki kijani limeshika. Likiwa kahawia, limekufa.

Yangu yalishika 11. Nilikuwa nafungua nailoni kila asubuhi kuchungulia.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ulitukataza kufunua sufuria ya makande." Nikanyamaza. Awamu ya pili nilifunga nikaficha kisu, yakashika 29.

Saa 11 jioni bado sijaiweza. Nimejaribu kusuka ukili, nimejaribu redio. Siku hizi nachukua lile kopo nikamwagilia mara ya pili, na kijana akinikuta hunigombeza kwamba nitaiozesha mizizi.