Paa Likivuja Juu ya Nyaya: Nyumba Kuukuu za Dar Wakati wa Masika

Nyumba nyingi za zamani za Magomeni, Ilala na Temeke nyaya zake zimelazwa tu juu ya dari, chini ya mabati yaliyokwisha kula kutu. Kiangazi hakuna anayezikumbuka. Masika ya Machi hadi Mei yakianza, maji hufuata waya mpaka kwenye taa, swichi au soketi. Doa la kahawia kuzunguka taa, swichi inayotoa sauti kama mafuta ya kukaangia, ukuta unaotetemesha kiganja: ukiona mojawapo, usingoje mvua ikatike.

Zima mein swichi, ukiwa umesimama pakavu na umevaa ndala kavu. Kuzima swichi ya taa hakutoshi, kwani waya unaoleta umeme kwenye swichi hiyo bado una umeme. Kama mein swichi yenyewe au ukuta wake umelowa, usiiguse. Waite TANESCO, shirika la umeme, wakate kutoka nje. Dari ikiwa imefanya tumbo, na umeme umeshazimwa, itoboe kwa bisibisi hatua moja mbali na taa, ndoo ikiwa chini. Ukiiacha itaporomoka na taa yake.

Halafu paa, kabla ya waya wowote. Mara nyingi maji hupita kwenye tundu za misumari: jua hukausha washa ya mpira (kipete kilicho chini ya kichwa cha msumari), chumvi ya hewa ya bahari humalizia msumari. Misumari mipya ipigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe isipigwe bondeni ambako maji hupita. Lami juu ya kutu hubanduka tu. Bati lililooza libadilishwe. Kagua pia tanki lililo juu ya nyumba na mabomba yake, maana hilo huvuja hata kiangazi.

Sasa umeme, na hapa wengi hujidanganya. Wanaona fyuzi haijakatika, wanasema nyumba ni salama. Fyuzi ya ampia 15 imewekwa kulinda waya usiungue. Umeme unaovuja kwenye ukuta mbichi unaweza kuwa sehemu ndogo tu ya ampia moja: fyuzi haiuhisi, lakini mtu anauawa nao. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampia 30, swichi ya usalama inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kuruka, yaani kujizima, mara tofauti inapotokea. Fundi aifunge baada ya mein swichi, pamoja na ethi nzima, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Kwenye nyumba kongwe klempu ya ethi rodi (nondo ya ethi iliyochimbiwa ardhini) mara nyingi imegeuka kijani na kulegea. Isafishwe au ibadilishwe.

Dalili nyingine ya umeme kuvuja ni LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwisha upesi. Nusu ampia ikivuja kwenye volti 230 ni wati 115, karibu uniti 3 kwa siku bila kuwasha chochote. Chomoa vyombo vyote, zima taa, acha breka zikiwa juu (zimewashwa), kisha angalia kitaa cha mita: kikiendelea kupepesa, kuna umeme unaoondoka.

Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, apime nyaya kwa mega (kipimo cha uimara wa ganda la waya) ya volti 500, vyombo na balbu vikiwa vimetolewa. Kila sakiti isipungue megaomu 1. Apime siku chache baada ya mvua, si Januari. Waya uliopasuka ganda hupima vizuri ukiwa mkavu, kisha hukuumbua masika. RCD ikiruka hata breka zote zikiwa chini (zimezimwa), huenda nyutro, waya unaorudisha umeme, inagusa ethi mahali fulani, kwa kuwa breka hukata laivu, waya unaoleta umeme, peke yake. Itabidi nyutro zifunguliwe moja moja.

Waya uliopasuka usizungushiwe tepu. Vuta mpya, milimita 1.5 za mraba kwa taa na 2.5 kwa soketi, uubane kwenye kenchi ili usilale juu ya dari. Maungio yote yaingie kwenye boksi lenye kifuniko. Waya unaoingia kutoka nje ushuke kwanza chini ya tundu kisha upande, maji yadondokee pale kwenye mkunjo.

RCD ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, na lazima kabla ya masika. Isiporuka, inunuliwe nyingine.