Flashi ya Linux imegoma kwenye kompyuta ya zamani: anza kwa kujua imegomea wapi

Mtu akinipigia simu kwamba flashi yake ya Linux haibuti, yaani haianzishi mfumo, kwenye kompyuta ya zamani, namuuliza jambo moja: skrini imeandika nini, neno kwa neno? Wengi hujibu, "Haiwaki tu." Basi namwomba azime, awashe tena, na safari hii anisomee kila kinachopita hadi pale inapoganda.

Kubuti kutoka kwenye flashi kunapita hatua nne. BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, inaitafuta flashi. Ikiipata, inaikabidhi kazi programu ndogo ya kupakia iliyoandikwa mwanzoni mwa flashi. Programu hiyo inaita keneli, yaani moyo wa Linux. Kisha keneli inatafuta mfumo mzima uliofungashwa ndani ya flashi hiyohiyo. Kila hatua ina malalamiko yake, na ukishajua umekwama hatua ipi, mengi ambayo ungehangaika nayo yanakuwa hayakuhusu tena.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za mtumba hapa Mwanza, nyingi ni zile zilizotoka maofisini Ulaya: Dell OptiPlex 755, HP Compaq dc7800, Latitude D620, ThinkPad T60. Ni mashine ngumu ambazo bado zinafaa kabisa kwa kuandika, kusoma na kujifunza programu shuleni. Inaniuma kuona moja ikipelekwa kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu tu flashi iliandikwa vibaya.

Kwa hiyo tuanze na flashi, kabla hujagusa mashine.

Faili la ISO ulilopakua, yaani mfumo mzima wa Linux kwenye faili moja la kuandikwa kwenye flashi, lina namba yake ya uhakiki ya SHA256 kwenye ukurasa uleule ulikolichukulia. Bando likikatika katikati, faili linaweza kuonekana limekamilika kumbe lina pengo. Kwenye Linux andika `sha256sum` ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `certutil -hashfile antiX.iso SHA256`, ukiweka jina la faili lako. Namba zisipolingana, pakua upya. Hakuna ujanja mwingine.

Kisha flashi yenyewe. Sokoni kuna flashi nyingi feki: kibandiko kinasema GB 64, ndani mna GB 8. Ukiiandikia inapokea kila kitu bila kulalamika, na data iliyozidi uwezo wake inapotea. Kwenye Linux kuna programu iitwayo f3 inayoifichua, na kwenye Windows kuna H2testw. Mimi nimezoea kuhakiki hata baada ya kuandika. Nikishatumia `dd`, amri ya Linux ya kuandika ISO kwenye flashi, nachomoa flashi, nairudisha, natazama jina lake kwa `lsblk`, halafu:

`sudo cmp -n "$(stat -c %s antiX.iso)" antiX.iso /dev/sdb`

Ikinyamaza na kurudisha mstari wa amri, flashi inafanana na faili baiti kwa baiti. Ikitaja mahali panapotofautiana, flashi hiyo weka pembeni. Angalia sana hilo jina la `/dev/sdb`. Kwenye mashine yako linaweza kuwa diski yenye kazi zako zote, na ukilikosea kwenye `dd` hutapata nafasi ya kujuta.

Sasa mashine. Kama flashi haionekani kabisa kwenye menyu ya kubuti, hiyo ni hatua ya kwanza, na Linux bado haijahusika. Kwenye Dell, Lenovo na Toshiba nyingi menyu hiyo ni F12, kwenye HP ni F9 au Esc kisha F9, kwenye Asus nyingi ni Esc. Acer nazo hutumia F12, ila kwenye nyingi lazima kwanza uingie BIOS kwa F2 ukairuhusu menyu hiyo. Chomeka flashi mashine ikiwa imezimwa kabisa, ndipo uwashe. Ukiichomeka huku umeme umeshapita, BIOS nyingi za zamani hazigeuki kuitazama. Tumia poti ya nyuma iliyo moja kwa moja kwenye ubao mama. Mashine za 2010 na 2011 mara nyingi zina poti moja au mbili za bluu, ambazo ni USB 3.0 inayoendeshwa na chipu ya pembeni. BIOS yake huwa haiwezi kuisoma chipu hiyo, kwa hiyo hamia poti nyeusi.

BIOS nyingine huificha flashi mahali ambapo mtu hategemei. Unaikuta ndani ya orodha ya diski, palipoandikwa "Hard Disk Boot Priority" au "Hard Disk Drives". Inabidi uipandishe juu ya diski ya ndani kwanza, ndipo urudi kwenye mpangilio wa jumla. Zile zinazokupa USB-FDD, USB-ZIP na USB-HDD, chagua USB-HDD. Na kama kila ukizima mipangilio inasahaulika na tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri ya CR2032 iliyoko kwenye ubao mama. Hata ukifanikiwa kubuti, tarehe mbovu itakusumbua baadaye, kwa sababu tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyao vya usalama si halali.

Hatua ya pili inajitambulisha kwa maneno mafupi kwenye skrini nyeusi: "Missing operating system", "Operating system not found", au "Failed to load ldlinux.c32". Hapo BIOS imeiona flashi, ila haikubaliani na namna ilivyoandikwa. Kompyuta za kabla ya Windows 8 ya 2012 nyingi zinategemea MBR, namna ya zamani ya kugawa diski, na baadhi hukataa diski ya GPT, namna mpya, isiyo na sehemu iliyotiwa alama ya kubuti. Ukitumia Rufus, programu ya Windows ya kuandika flashi, weka "Partition scheme" iwe MBR, fungua mipangilio ya ziada ya flashi, utie alama kwenye "Add fixes for old BIOSes". Ikikuuliza uandike kwa namna ya ISO au ya DD, anza na ISO. Ikigoma, rudia kwa DD. Nimeona HP iliyokataa ya kwanza ikakubali ya pili, na Dell iliyokuwa mezani pembeni yake ikafanya kinyume. Ikishindikana zote mbili, jaribu flashi ndogo ya zamani ya GB 2 au 4. Baadhi ya BIOS zinachanganyikiwa na flashi kubwa.

Usikimbilie kuzima ukiona kimshale kinapepesa bila maneno. Kuna BIOS zinazosoma flashi kwa mwendo wa USB 1.1, ambao hauvuki MB 1.5 kwa sekunde, hadi keneli ishike usukani. Faili la kuanzishia lenye MB 100 litachukua zaidi ya dakika moja kupita hapo. Tazama taa ya flashi: kama inapepesa, kazi inaendelea.

Hatua ya tatu ndiyo inayowakatisha tamaa watu wengi, na ndiyo rahisi kuliko zote kuelewa. Mwalimu mmoja wa Ukerewe alinipigia akiwa na Latitude D620.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii laptopu inaniandikia Kiingereza kirefu halafu inanyamaza."

"Nisomee, mwalimu."

Akasoma taratibu: "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU."

"Izime. Ukiwasha, bonyeza F2, utafute mstari wa prosesa."

Kimya kidogo. "Imeandikwa Core Duo, 1.83."

"Core Duo, au Core 2 Duo?"

"Core Duo. Mbili haipo."

Tatizo lilikuwa hapo. Core Duo ya mwanzoni mwa 2006 ni prosesa ya biti 32. Core 2 Duo iliyotoka katikati ya mwaka huohuo ni ya biti 64. D620 na T60 ziliuzwa na zote mbili, kwa umbo lilelile na rangi ileile. Stika ya Centrino Duo isikudanganye, ilibandikwa kwenye mashine za aina zote mbili. Amini kile BIOS inachosema. Vijilaptopu vyenye Atom N270 navyo ni biti 32, na Pentium 4 nyingi za mwanzo vilevile.

Flashi ya mwalimu ilikuwa nzima na laptopu yake nzima, ila havikuwa vya kukutana. Linux ina matoleo ya aina nyingi. Ubuntu iliacha kutoa toleo la mezani la biti 32 tangu 17.10, Linux Mint tangu 20, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Debian 12 bado inacho, na antiX 23 na MX 23 zina matoleo ya biti 32. Kwenye jina la faili tafuta 386 au i386. Lenye amd64 ni la biti 64 kwa prosesa za kampuni zote, Intel zikiwemo. Usiliache kwa kudhani ni la AMD peke yake. Nilimwelekeza mwalimu kwenye antiX, kwa sababu mashine yake ilikuwa na RAM ya GB 1, na antiX inatosheka hata na MB 512. Ubuntu 24.04 inataka GB 4, na kwenye mashine kama ile ingejikokota hadi udhani imekufa.

Kama ujumbe unataja "pae", uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia RAM nyingi, una Pentium M ya zamani, ile ya Latitude D600 au ThinkPad T42. Nyingi ya prosesa hizo zina uwezo huo, ila hazijitangazi. Kwenye menyu ya flashi ongeza neno `forcepae` mwishoni mwa mstari wa keneli. Na ukikutana na "CPU does not support x86-64-v2", mashine yako ni ya biti 64 ila ni kongwe kuliko mfumo ulioupakua. Core 2 Duo zote zinaangukia hapa kwa AlmaLinux 9, Rocky 9 na openSUSE Leap 16. Badilisha mfumo, usipoteze muda na flashi.

Hatua ya nne: maandishi yamepita mengi, halafu skrini imekuwa nyeusi, au umeachwa kwenye neno "(initramfs)". Hapa iache mashine iseme. Kwenye menyu ya kwanza bonyeza `e` kama ni GRUB, programu ya kupakia inayotumika zaidi, au Tab kama ni ile menyu ya zamani zaidi. Tafuta mstari wa keneli (kwenye GRUB unaanza na `linux`), futa `quiet` na `splash`, kisha bonyeza F10 au Enter. Sasa utaona kila mstari, na ule wa mwisho kabla ya kuganda ndio wa kuupiga picha.

Skrini ikizimika pale picha zinapotaka kuanza, rudi kwenye mstari uleule uongeze `nomodeset`. Kadi nyingi za zamani za Nvidia hukubali baada ya hapo. Picha itakuwa na ubora mdogo, lakini utaweza kusakinisha na kurekebisha baadaye. `acpi=off` naitumia mwisho kabisa, maana inazima usimamizi wa umeme na laptopu inaweza isijizime yenyewe.

Ujumbe wa "Unable to find a medium containing a live file system" maana yake keneli imeamka lakini haioni tena flashi iliyoiamsha. Badilisha poti, kisha badilisha flashi. Na mistari ya "SQUASHFS error" au "I/O error" inaonyesha kwamba data inasomeka vibaya. Kama ulipita ule uhakiki wa `cmp` salama, geukia RAM: iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha, kisha chomoa vipande na ukijaribu kimoja kimoja.

Zipo mashine ambazo BIOS yake haijui kabisa kubuti kwa USB. Kama CD inafanya kazi, choma Plop Boot Manager kwenye CD. Ukiibuti, itakufungulia flashi. Mimi mara nyingi nachagua njia nyingine. Nafungua skrubu, natoa diski, naiweka kwenye kompyuta nyingine inayokubali flashi, ambayo naiita mwenyeji, nasakinisha huko, halafu nairudisha. Linux haina shida kuhamia mashine nyingine namna hii, mradi uzingatie mambo matatu. Chomoa kwanza diski ya mwenyeji, usije ukaifuta. Chagua toleo la biti 32 kama mashine diski inakorudi ni ya biti 32, hata kama mwenyeji ni wa biti 64. Na unapobuti flashi kwa mwenyeji, ibuti kwa njia ya kizamani, ile inayoitwa Legacy au CSM, kisha uiweke GRUB kwenye diski yenyewe, `/dev/sda`, siyo kwenye sehemu kama `/dev/sda1`. Ukisakinisha kwa UEFI, njia mpya iliyochukua nafasi ya BIOS, diski itawaka vizuri kwa mwenyeji, na ukiirudisha kwenye mashine ya zamani itakuandikia "Operating system not found" kana kwamba hukufanya lolote.